Ventilatere Ndani ya Sanduku ya Arusi

Bwana yangu anaogopa ventilatere. Muntu mukubwa, mvi kichwa kizima, fundi wa redio aliyekuwa anapanda minara ya reli kama muntu anayepanda ngazi za nyumba yake, lakini kile kidude cha plastiki cha kuzunguka na kupiga upepo kinamukimbiza. Siku ya joto, mugeni akiwasha cha mezani, Papa Falone anainuka, anabeba kiti chake, anaenda kukaa nje kwenye jua. Wageni wanafikiri wamemuudhi. Zamani nilikuwa ninawaeleza. Siku hizi nimechoka, ninasema tu kwamba muzee anapenda jua.

Jina lake Ferdinand Badibanga. Wazazi wake walitoka Kasai kwa ajili ya kazi ya reli, wazazi wangu vilevile, na sisi wawili tulizaliwa hapa Kindu, tukazoea filimbi ya treni tungali mugongoni. Mimi njo Bitota, muke wake, lakini hapa mutaani hakuna anayetuita vile. Sisi ni Papa Falone na Mama Falone, sababu ya binti yetu wa kwanza. Na habari yote hii ni ya Falone kubaki ao kuondoka.

Wadogo zake wawili walishaondoka. Glodi anachimba kasiterite, yale mawe ya bati, kule Kalima, anarudi Noeli akiwa na kikohozi na zawadi ya sabuni. Wa mwisho alifuata kazi ya pikipiki kule Punia, na habari zake tunazisikia kwa watu. Amebaki Falone. Chumba chake cha kazi iko mbele ya nyumba, upande wa barabara. Wanafunzi wanamuletea kazi zao za mwisho azipige kwenye mashini, lakini chakula chetu kinatoka kwenye filimu za arusi. Siku hizi, Kindu, muntu akioa bila filimu ni kama hakuoa. Falone anaenda na kamera yake kanisani, musikitini, Alunguli ng'ambo ya muto, anarudi, anakata, anaunganisha, anatia nyimbo na maua ya kupita mbele ya sura ya bibi arusi. Kazi ya namna ile inataka ordinatere, kompyuta, ya nguvu, na ile ndogo ya kukunja aliyokuwa nayo ilichoka. Ilichemka mupaka haikuwezekana kuigusa, kisha ikakataa kabisa.

Mudogo wangu Joséphine, anayekaa Lubumbashi, akasikia. Akapiga simu kusema kwamba kule iko studio inayotafuta muntu wa kukata filimu, umeme iko, chumba iko kwake, Falone aje. Joséphine ana moyo muzuri, lakini moyo wake muzuri unapenda kuchukua.

Falone alituambia wazi, mimi na baba yake, tukiwa tunakula sombe. Akasema yeye anataka kubaki. Arusi za kiangazi zimekaribia na watu wameshamupa kazi. Lakini hawezi kufanya kazi na mikono mitupu. Atanunua vipande kidogo kidogo, atajenga ordinatere yeye mwenyewe, yenye nguvu kuliko zile za dukani. Ikivumilia kiangazi chote, anabaki. Ikishindwa, anaenda kwa Joséphine, na tusimulilie. Papa Falone aliacha kula. Akanawa mikono, akasema atamusaidia.

Basi vipande vikafika kutoka Kisangani, vimefungwa ndani ya nguo za mutumba ili visivunjike. Falone alivipanga juu ya meza akavitaja kimoja kimoja, baba yake akitikisa kichwa, maana vingine anavijua kwa majina mengine, ya zamani. Mwisho kikabaki kitu kimoja ambacho mimi nilifikiri njo kirahisi kuliko vyote: sanduku ya kuvitia, na ventilatere za kuvipoza.

Tukaenda kwa Abdoul, sokoni. Abdoul anauza simu, betri, nyaya, na maneno. Alituonyesha sanduku ya kwanza, upande mumoja kioo kitupu, na ndani ventilatere zenye taa, nyekundu, buluu, kijani, zinabadilika zenyewe. Falone macho yakamutoka. Mimi nikasema ile si ordinatere, ile ni baa. Abdoul akacheka, akasema, mama, taa njo uzuri wake. Papa Falone akauliza kama zinaweza kuzimwa. Abdoul akasema hapana, zinawaka pamoja na mashini. Papa Falone akauliza tena, taratibu, kama muntu akipita barabarani ataziona. Abdoul, masikini, akafikiri anauliza kwa furaha, akasema hata aliye ng'ambo ya muto Lwalaba ataziona. Bwana yangu akairudisha sanduku juu ya meza kama kitu kilichooza.

Ya pili ilitoka kwenye ofisi fulani iliyofunga kazi zake. Rangi ya majivu, imefungwa mbele kote, na nyuma ina ventilatere moja ndogo, ndogo kama kifuniko cha kopo la maziwa. Abdoul akaiunga kwenye umeme ili tuone. Ilipiga kelele nyembamba, kali, yenye haikatiki. Sikumuona Papa Falone akitoka. Niliona tu nafasi yake ni wazi.

Falone akamufuata nje, akamueleza vizuri, na mimi nikamusikia. Akasema ventilatere ndogo inalia sababu inakimbia sana ili itoshe kazi. Kubwa, kama sahani, inazunguka polepole, inasukuma upepo uleule, na huisikii kama hukaribii. Inatakiwa moja mbele, chini, ya kuvuta hewa ya baridi kuingia, na nyingine nyuma, juu, ya kutoa ile ya moto, sababu moto unapanda. Akasema, papa, hata wewe unajua mambo haya. Papa Falone alikuwa amemupa mugongo, anaangalia watu wa samaki. Akasema sanduku zote za Abdoul ni mbaya. Akasema yeye anajua chuma, atatengeneza sanduku mwenyewe, nyumbani.

Tulipofika nyumbani akaniomba sanduku yangu ya arusi.

Hapo lazima nieleze. Kwetu, binti akiolewa, mama yake anamupa sanduku ya chuma. Yangu iliteremka kutoka Kananga kwa treni zamani za bibi yangu, rangi ya kijani, vishikio viwili vya shaba, kona zote zimepigwa bati ya pili. Bibi alimupa mama, mama akanipa mimi, na mimi nitamupa Falone siku yake. Haiuzwi na haitobolewi. Ikitoboka kwa kutu, unaiziba kabla binti hajaondoka nayo, sababu kumutoa binti na sanduku yenye tundu ni kusema kwamba katika ile nyumba vitu vilikuwa vinavuja. Mama zetu hawakucheza na jambo lile. Nimeona arusi ikikawia nusu siku wakimutafuta fundi wa kuchomelea bati.

Lakini siyo hiyo tu. Ile sanduku njo iliyoficha foni.

Miaka ya vita, mimi na Ferdinand tulikuwa tumeoana karibuni. Waliokuwa na bunduki walishika muji, wengine wenye bunduki walishika pori, na sisi tulikuwa katikati. Huwezi kwenda shamba. Treni imekufa. Chumvi ilikuwa inapimwa na kijiko, tena kijiko cha chai. Kitu kilichotuua zaidi ya njaa kilikuwa kutosikia. Muntu alikuwa hajui kama mama yake iko muzima Kisangani, kama bwana yake alifika Lubumbashi. Foni, zile redio za kuongea na miji ya mbali, zilikatazwa. Waliokuwa nazo wakanyang'anywa.

Ayoubu, muchuuzi mumoja wa karibu na musikiti, alikuwa na yake, na hakuitoa. Akaileta kwetu usiku, sababu Ferdinand alikuwa fundi wa redio wa reli, akasema iwasaidie watu. Tukaificha ndani ya sanduku ya arusi, chini ya dirisha la jikoni. Mimi nikaweka makala, mukaa wa kupikia, mbele ya nyumba, ninauza. Watu wakaja kununua makala, mumoja mumoja, wakaingia ndani na kikapu, wakaongea na ndugu zao, wakatoka na makala. Muji mzima ukawa unapika sana, ungesema.

Aliyekuwa anaongoza foni ni Edouard, mudogo wa Ferdinand. Kijana wa kucheka. Alikuwa na sauti ya kuimba, anaita miji kama anaita wasichana: Kisangani, Kisangani, unanisikia? Watu walikuwa wanacheka wakingali wanafuta machozi. Foni ile ilikuwa nzee, na ndani ya sanduku ilikuwa inachemka. Siku moja ilitoa harufu ya kuungua, tukaogopa itakufa. Ferdinand akatafuta ventilatere ndogo, sijui aliitoa kwenye mashini gani, akaifunga ndani, akaegemeza kifuniko kwa kijiti ili hewa ipite. Ikapona. Ilikuwa inalia kama mbu mukubwa. Tulizoea, kama unavyozoea kikohozi cha muntu wa nyumbani.

Ile siku, watu wa asubuhi walikuwa wamekwisha kuondoka. Ferdinand alikuwa anafunga betri ya pili kwenye kinga, baisikeli yake, ili aende kuitia moto, yaani kuichaji, kwa rafiki yake mwenye paneli ya jua. Edouard akavua vile vya masikio, akamuuliza mukubwa wake, "Yaya, nizime?"

Ferdinand akaweka mukono juu ya foni, akausikia moto wake. "Hapana. Acha ipoe kwanza."

Akapanda kinga, akaenda. Mimi nilikuwa mulangoni na makala yangu, na tumbo la mimba ya Falone lilikuwa limeshakuwa kubwa. Wanajeshi wakapita. Walikuwa wamekwisha kupita, Mungu wangu, nilishawaona migongo. Mumoja akasimama. Akageuza kichwa, hivi, kama kuku. Hakukuwa na gari, hakukuwa na redio mutaani, hakukuwa na umeme muji mzima, na nyumbani kwetu kitu kinalia.

Waliingia. Edouard hakukimbia, ingawa mulango wa nyuma ulikuwa wazi. Akaniangalia tumbo, akawaambia, "Ni yangu. Huyu mwanamuke anauza makala tu, hajui kitu." Wakamuchukua yeye na foni. Sanduku wakaitoa nje wakaimwaga kwenye majani, ikabaki pale, kifuniko wazi, kijiti chake kando. Tuliuliza kila mahali palipoweza kuulizwa. Mama yao aliuliza mupaka akafa. Hatuna kaburi.

Vita ikaisha, ao walisema imeisha. Falone alizaliwa. Ferdinand hakulia mbele yangu na hakulitaja tena jina la mudogo wake. Treni ikarudi, ikafa tena, ikarudi. Mushahara wa reli ukawa hadithi, akatengeneza redio za watu, kisha simu. Hakuna aliyemusikia akilalamika. Lakini nyumba yetu ni nyumba ya kunong'ona. Watoto walikua wakipunguza redio bila kuambiwa. Mulango ukigongwa, yeye anashika kwanza kitu kinacholia, anakizima, njo anajibu.

Basi aliponiomba sanduku, nilijua anataka nini. Anataka sanduku isiyo na taa, isiyo na kioo, isiyo na sauti. Nikamwambia achukue, lakini asiitoboe, ni ya Falone. Akasema hata musumari mumoja hautaingia. Tukakubaliana, watu wawili wazima, kila muntu na woga wake.

Alifanya kazi nzuri, siwezi kusema uongo. Aliweka ubao chini, akafunga vipande juu yake vizuri kabisa. Nyaya akazipitisha chini ya kifuniko, kwenye bawaba. Ventilatere kubwa mbili alizonunua Falone akaziacha ndani ya karatasi zake. Akabakiza moja tu, ile ndogo sana inayokaa juu ya moyo wa mashini, ambayo bila hiyo haiwaki kabisa. Kisha akachukua mupira wa godoro la zamani, akaugundisha kwenye kifuniko na pande zote, ili hata hiyo moja isisikike. Akafunga. Akawasha. Kimya. Akanigeukia akiwa na sura ambayo sijaiona toka ujana wetu.

Falone alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Papa, hapa hakuna upepo. Itachemka."

Baba yake akasema sanduku ni kubwa, hewa iko nyingi, na chuma kinatoa moto chenyewe. Falone akasema chuma kimevaa godoro. Baba yake akasema tutaona. Kitu kilichonichosha roho ni kwamba alijua. Muntu aliyefanya kazi maisha yake yote na mashini za moto, anajua moto unataka mulango. Hakuwa mujinga. Alikuwa anajidanganya mbele yetu, na sisi tulimuonea huruma tukanyamaza.

Asubuhi ilikuwa inavumilia. Kazi za wanafunzi zilipigwa bila shida. Lakini Falone akianza filimu, jua likipanda juu ya mabati, ordinatere ilikuwa inapunguza mwendo, inavuta miguu, kisha inajizima yenyewe isiungue. Falone anafungua kifuniko, anapepea na sahani, anangoja, anaanza upya. Kila kipande cha filimu alikikata mara nyingi mupaka akakichukia. Akaacha kuimba nyimbo za arusi. Akaanza kula haraka haraka bila kuongea. Papa Falone alikuwa anazunguka na bisibisi, anakaza kitu hiki, anageuza kile, kila kitu isipokuwa kile kimoja.

Kisha likaja lile la Aïcha. Aïcha ni binti wa familia kubwa ya Alunguli, arusi yake watu walivuka muto kwa mitumbwi toka asubuhi. Alikuja na bwana yake, mama mukwe na shangazi, wamevaa vizuri, kuangalia filimu kabla ya kuichukua. Tukawapangia viti. Filimu ikaanza, nzuri sana. Bibi arusi akatoka ndani ya nyumba ya baba yake, anainua kitambaa usoni, na kioo kikawa cheusi. Tukangoja. Falone akafungua, akapepea. Ikawaka, ikafika palepale, ikazima. Mama mukwe hakusema neno baya. Alisema tu kwamba watamutafuta muntu mwingine, Falone awape picha zao. Ni afadhali angetukana.

Falone hakulia. Siku iliyofuata, baada ya misa, alimupigia Joséphine simu, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mama, nichukue sanduku yangu?"

Nikasema ni yako. Sanduku inaondoka na binti. Akaanza kufungua ubao, kutoa vipande, kuvirudisha ndani ya nguo za mutumba. Aling'oa mupira wa godoro, ukatoka vipande vipande, mwingine umeshakuwa rangi ya chai kwa moto. Papa Falone alikuwa amesimama mulangoni. Falone akapanga nguo yake ya kwanza ndani, blauzi nyeupe, akailaza vizuri. Baba yake akaangalia ile blauzi ndani ya sanduku. Akasema kwa sauti ndogo, bila kumuangalia muntu, "Aliniuliza azime. Mimi nikamwambia aache ipoe."

Falone akanigeukia. Hakujua. Hakuna aliyekuwa amemueleza yote, alisikia tu kwamba baba mudogo alipotea vitani.

Nikamwambia Ferdinand kwamba foni ilikuwa moto, na kesho yake watu walikuwa wanakuja kuongea na ndugu zao, na fundi yeyote angesema vile. Nikamwambia waliomuchukua Edouard walikuwa na mikono na miguu, hawakuwa ventilatere. Miaka yote hii nilikuwa nimeyaweka maneno haya nikingoja aniulize, na hakuniuliza. Nilisema kwa hasira, sitaficha. Nilikuwa nimechoka na ule unyamavu kuliko nilivyochoka na vita. Kisha nikaitoa blauzi ya Falone ndani ya sanduku, nikaiweka kitandani, nikamusukumia bwana yangu ile sanduku na muguu.

"Toboa," nikasema.

Akasema haitakuwa tena sanduku ya arusi. Nikasema ninajua. Bibi yangu anajua, mama yangu anajua, wote watanigombeza nikifika kule kwa marehemu, na mimi nitawajibu. Falone akashika mukono wangu, akasema, mama, usifanye hivi kwa ajili yangu, tiketi ya ndege mama mudogo anatafuta. Nikamwambia amungoje baba yake amalize kazi, kisha aende akitaka. Akakaa kitandani karibu na blauzi yake.

Papa Falone aliibeba nje. Akachora duara kwa kifuniko cha sufuria, moja mbele, chini, moja nyuma, juu. Akatoboa vitundu vidogo vidogo kufuata mustari, akavikata kwa patasi, akipiga nyundo Jumapili muchana, ko ko ko, mutaa muzima unasikia. Majirani wakaja kuangalia. Yeye, muntu wa kunong'ona. Jasho lilimutoka mupaka sikujua kama ni jasho tu. Akasugua pembe za matundu kwa tupa ili zisimukate mutoto. Zile duara mbili za chuma kijani zikaanguka chini. Moja ninafunikia maharagwe mupaka leo.

Falone hakuweza kukaa kitandani muda mrefu. Akatoka na zile ventilatere mbili kubwa, akamuonyesha baba yake mushale mudogo uliochorwa pembeni, unaosema upepo unaelekea wapi, sababu ukizigeuza zote kuingia, hewa inabanana ndani na ni kazi bure. Akakata kipande cha chandarua, akakifunga mbele sababu ya vumbi jekundu la barabara. Wakarudisha ubao, wakarudisha vipande. Falone akawasha ile dawa ya mbu ya kuviringika, akaiweka mbele ya tundu la chini, akaunga umeme.

Ventilatere zikaanza. Sauti nene, ya chini, kama muntu anayelala vizuri. Moshi ukainama, ukaingia chini, na baada ya kidogo tukauona ukitoka juu, nyuma, umenyooka. Papa Falone alirudi hatua, mugongo ukagusa ukuta. Nilifikiri atabeba kiti chake. Falone naye aliona. Akanyoosha mukono kwenye swichi, akamuuliza kama azime.

Lile swali tena. Nilishika tumbo langu kama kwamba mutoto alikuwa bado ndani.

Papa Falone akaufuata ule moshi na macho. Kisha akasema, "Acha. Acha izunguke."

Filimu ya Aïcha ilipita jioni ile yote toka mwanzo mupaka mwisho, kitambaa kikainuka, sura ikaonekana, watu wakacheza, wakala, wakaagana. Falone akaipeleka mwenyewe ng'ambo, mama mukwe akaipokea, akamupa na arusi nyingine ya mupwa wake. Joséphine aliambiwa. Alikasirika kidogo, atapona. Kiangazi kikaja na arusi zake, na ordinatere ikavumilia, ingawa chandarua kinataka kufuliwa kila mara, kinakuwa chekundu kama barabara yenyewe.

Sisemi kwamba bwana yangu amepona. Ya mezani bado anaikimbia. Lakini alasiri anaingia chumba cha Falone, anakaa kwenye kiti cha wateja, anasema anakuja kuangalia kama inachemka. Anaweka kiganja nyuma, pale upepo wa moto unatoka. Nimemwambia Falone habari ya Edouard yote, na sauti yake ya kuimba, na ile ya kuita Kisangani. Baba yake aliketi palepale akisikiliza, akanisahihisha sehemu moja tu. Alisema Edouard alikuwa anaanza na Lubumbashi.

Juzi alisinzia kwenye kile kiti. Falone anakata filimu, ventilatere zinazunguka, na muzee kichwa kimeanguka kifuani, mudomo wazi, analala kabisa. Nilisimama mulangoni na beseni yangu, nikakumbuka kwamba sijamuona akilala karibu na kitu kinacholia toka Falone alikuwa tumboni. Sikutaka kupumua.

Kisha umeme ukaondoka, kama kawaida yake. Falone akatoka mbio kwa mulango wa nyuma kuunga betri ya jua. Ventilatere zikapunguza, zikapunguza, zikasimama. Chumba kikawa kimya, ule ukimya ambao bwana yangu ameutafuta maisha yake yote.

Aliruka kitini. Akaangalia kiti cha Falone, kitupu, na mulango wa nyuma, wazi. Sijamusikia muntu yule akipaza sauti toka vita.

"Falone! Falone iko wapi?"

"Niko hapa, papa," binti akajibu kutoka nyuma ya nyumba. "Ni umeme tu. Niko hapa."

Hakukaa. Aliweka mukono juu ya sanduku, akabaki amesimama vile, akingoja, mupaka ikaanza tena kulia.